Barua ya wazi kwa wakuu wa vipindi: turudishieni mechi ya Ash na Trip

Waheshimiwa wakuu wa vipindi wa kituo chetu cha televisheni,

Habari za kazi. Mimi ni msusi. Nina saluni ya chumba kimoja Kirumba, hapa Mwanza, upande wa kupanda mlimani, na televisheni nimeitundika juu ya kioo. Jumamosi saa tatu asubuhi, wateja wakiwa bado hawajaanza kuingia, chumba hicho ni cha watoto. Wanateremka kutoka nyumba zilizokaa katikati ya majabali huko juu, wengine mama zao walishaondoka alfajiri kwenda soko la Mwaloni kwenye dagaa. Wanakaa chini kwenye mkeka, siku za kawaida kumi na wawili, siku za mvua mpaka ishirini. Sitozi hata shilingi. Kazi yangu ni kuwatafsiria, maana katuni mnayoirusha inasema Kiingereza, na wengi wao wako darasa la pili na la tatu, Kiingereza chao bado ni cha kuhesabu na kutaja rangi.

Jina la kituo chenu sitalitaja. Mnajijua, na sikuandika ili niwaaibishe.

Nina shauri moja tu. Mliruka mechi.

Katuni yenyewe ni Pokémon, ile awamu ya nchi ya Unova ambayo Wajapani walianza kuirusha mwaka 2010. Kwa asiyeijua: jina Pokémon limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Vijana wanatembea nchi nzima na viumbe hao, wanawafunza, wanapambana na wafunzaji wenzao, wanakusanya beji. Ukifikisha nane unaruhusiwa kuingia Ligi. Kijana mkuu ni Ash, na mwenzake asiyebanduka ni Pikachu, yule wa njano anayetoa umeme mashavuni. Hadithi yao ilianza kurushwa Japani Aprili 1, 1997. Kuna watu wazima hapa mjini, wana watoto sasa, waliokua nayo.

Sasa naomba mnivumilie nieleze kuhusu Trip, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kwa nini msusi ameacha vichwa vya watu akakaa kuandika barua.

Ash alipofika Unova, wingu la radi la Zekrom, Pokémon joka jeusi la umeme, lilishuka na kumpiga Pikachu, umeme wake ukapotea. Hakuweza kutoa hata cheche. Mtoto mmoja pale mkekani akasema kwa masikitiko kabisa, "Pikachu kakatikiwa umeme," na wenzake wakaitikia, kwa sababu jambo hilo wanalijua vizuri. Katika hali hiyohiyo Ash akakutana na Trip, kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa Pokémon wake wa kwanza, Snivy, kile kinyoka cha kijani chenye miguu na mkia wa jani. Trip akamuuliza ametoka wapi. Ash akajibu, Kanto. Trip akamwambia Kanto ni shamba. Kisha wakapambana, na Snivy asiyemaliza hata siku moja mikononi mwa mwenyewe akampiga Pikachu aliyezunguka nchi nne na zaidi.

Nilipotafsiri neno lile mkeka mzima ulinyamaza. Binti mmoja akauliza, "Mama, ina maana kamuita mshamba?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu tena mpaka kipindi kikaisha.

Wakuu wangu, watoto hawa neno hilo wameshaitwa. Aliyekwenda Dar es Salaam likizo kwa shangazi yake amerudi nalo. Wamecheka alivyotamka, wakamwigiza, wakamuuliza kama kwao kuna lami. Kuna anayeitwa hivyo hapahapa mjini na wenzake wa shule kwa sababu anaishi juu kwenye mawe na miguu yake ina vumbi jekundu. Hivyo siku ile Trip alipofungua mdomo, hakuwa tena kijana wa kwenye katuni ya Kijapani. Alikuwa mtu wanayemfahamu. Na walipoona Ash ameshindwa, na ameshindwa kwa sababu kitu chake cha kujitetea kimezimwa na radi isiyo kosa lake, walianza kuhesabu siku.

Waliihesabu kwelikweli. Nyuma ya saluni kuna jabali kubwa, na kwa mkaa waliandika upande mmoja A, upande mmoja T, kila wakikutana wawili hao wanachora mstari. Upande wa T ulijaa kwanza. Trip akawa anatokea na kamera yake, anapiga picha Pokémon aliokutana nao, anarudia maneno yake ya kila siku kuhusu mambo ya msingi, anamshinda Ash, anaondoka bila kugeuka nyuma. Snivy wake akakua akawa Servine, Servine akakua akawa Serperior, joka refu lililotulia kama chifu. Pikachu akarudishiwa umeme wake mapema, lakini deni la siku ya kwanza lilibaki palepale jabalini.

Mzee mmoja jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai akitazama huku akijifanya hatazami. Siku moja akawaambia watoto, "Hawa ni Bagika na Bagalu." Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anasema jambo zito. Kwa ambao hawakukulia kanda hii: Wasukuma wana pande mbili za ngoma, Bagika wa Ngika na Bagalu wa Gumha, waganga wawili waliokuwa wakishindania nani dawa yake ina nguvu. Kila baada ya mavuno pande hizo zinakutana. Zinapiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na ambaye watu wengi wanahamia kwake ndiye mshindi. Hakuna refa. Na wanakuja na wanyama wao. Bayeye wanacheza na chatu shingoni, wapo wa nungunungu, wapo wa fisi. Mwaka hadi mwaka pale Bujora, Kisesa, sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita watu wanajaa vumbi mpaka kope wakitazama chatu anavyomtii mtu.

Mzee akawaambia watoto kwamba ngoma ya mashindano haisimuliwi, inahudhuriwa. Aliyesimuliwa hana haki ya kubishana kisimani. Walimuelewa haraka kuliko mimi. Mtoto aliyemwona Myeye anamshusha chatu ardhini na kumwita arudi hashangai kuona Serperior anamsikiliza Trip. Hakuna mahali katika nchi hii ambapo katuni ile ingepata watazamaji wanaoielewa zaidi ya hapa, nami nalisema hili nikiwa na uhakika.

Baada ya miezi, Ash akafikisha beji nane. Ligi ikafunguliwa. Tukajua kwamba mchujo wake wa kwanza ni dhidi ya Trip. Mchujo wa Unova si wa Pokémon sita kwa sita. Ni mmoja kwa mmoja. Unatoa mmoja, akianguka umeondoka, beji zako nane unarudi nazo nyumbani.

Jumamosi iliyofuata walifika saa mbili kasoro. Nilikuta wameketi kwenye ngazi nje, saluni imefungwa, binti yule wa swali la mshamba amebeba mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, wa kugawia wenzake. Mmoja alivaa shati la Kipaimara la kaka yake. Fundi cherehani alikuja na kigoda chake mwenyewe. Nikawasha. Wimbo ukaisha, kipindi kikaanza, na Ash alikuwa raundi nyingine. Ameshapita. Watu wanazungumzia mechi zinazokuja. Trip hayupo.

"Trip yuko wapi?" Waliniuliza mimi, maana mimi ndiye mdomo wa televisheni ile. Nilitazama kioo na sikuwa na cha kutafsiri.

Nilipiga simu kituoni Jumatatu. Nilipokewa kwa adabu, hilo nawashukuru. Nikaeleza kwamba kipindi kimoja kimerukwa, na kipindi chenyewe ni kipi. Aliyenipokea akasema, "Mama, hizo ni katuni tu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayemtuliza mwenzake. Nikaona hapo ndipo penye tatizo, na ndiyo sababu nimeandika wazi badala ya kupiga simu mara ya pili.

Najua vipo vipindi ambavyo havirushwi kwa sababu za msingi. Katuni hiihii, Desemba 16, 1997, ilikuwa na kipindi chenye taa za kumetameta zilizowafanya watoto zaidi ya 600 Japani wakimbizwe hospitali. Waliisimamisha katuni nzima mpaka Aprili mwaka uliofuata, na kipindi kile hakijarushwa tena hadi leo. Hakuna mzazi wa kulalamikia hilo. Walijua wanachokiondoa na kwa nini, na watu walielezwa. Lakini mechi ya Ash na Trip haina lolote la kuficha. Haina damu, haina matusi, haina taa za kuumiza macho. Nimeitazama mwenyewe.

Ndiyo, niliitafuta. Nilinunua bando nikaitazama usiku kwenye simu yangu yenye ufa, saluni imefungwa. Nisiwachoshe kwa kueleza kila pigo. Nitasema hili tu: kwa sheria za Pokémon, umeme haufui dafu mbele ya jamii ya majani, na Serperior ni wa majani. Ash angeweza kumtoa mwingine. Akamtoa Pikachu. Yuleyule aliyesimama siku ya kwanza bila cheche, mbele ya yuleyule aliyekuwa kinyoka cha siku moja na sasa ni joka limeinua kichwa. Wote wawili wamekua. Deni ni lilelile. Pikachu akashinda, na Trip, aliyesema Kanto ni shamba, akatolewa kwenye mchujo na huyo wa shamba.

Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikawafikiria watoto nikakasirika.

Jumamosi iliyofuata nikawasimulia. Nilisimama mbele ya kioo, nikawa Pikachu, nikawa Serperior, nikatumia taulo kuwa mkia. Walisikiliza mpaka mwisho. Binti wa matobolwa akasema, "Mama, wewe umeona. Sisi tumesikia." Akatoka nje. Nilipokwenda nyuma jioni kutupa maji niliona kwamba hawakuchora mstari upande wa A. Maneno ya mzee waliyashika.

Wakuu wangu, tazameni mlichotuachia mkononi. Ash hakuchukua kombe la Unova. Alitolewa robo fainali na Cameron, kijana aliyekuja kwenye mechi ya sita kwa sita akiwa na watano tu, na bado akashinda kwa sababu Riolu wake alikua akawa Lucario katikati ya pambano. Mechi hiyo mliirusha. Yote, pamoja na matangazo yake. Kwa hiyo watoto wa Kirumba wameona kijana ameitwa mshamba na kupigwa, wameona akipigwa tena na tena na mtu yuleyule, na mwisho wameona akipigwa na mwingine akarudi nyumbani. Katikati palikuwa na siku moja ambayo mambo yaligeuka, nayo ndiyo mliyoitoa. Hadithi mliyoirusha si hadithi waliyoitunga wenye katuni. Mliyoirusha ninyi inamwambia mtoto wa mlimani kwamba Trip alikuwa sahihi.

Ash alikuja kushinda mashindano ya Ligi mwaka 2019, huko Alola, na mwaka 2022 akamshinda Leon akawa bingwa wa dunia. Nimewaambia watoto. Lakini awamu hizo hamna, na mtoto wa miaka minane hawezi kushiba ushindi wa awamu asiyoiona.

Kama mna shaka kwamba mechi moja inaweza kuwa na uzito huo, ulizeni wanaume wa mji huu kuhusu timu yetu ya mpira, Pamba, waliporudi Ligi Kuu mwaka 2024. Wanakumbuka walikuwa wamesimama wapi, nani alikuwa pembeni yao, redio ilikuwa ya nani. Je, kama mtangazaji angeruka kutoka mechi za kugombea kupanda, akaanza moja kwa moja na msimu wa Ligi Kuu, akasema, "Pamba wameshapanda, tuendelee"? Uwanja wa CCM Kirumba uko dakika chache kutoka hapa nilipo. Wangekuja kwa miguu mpaka Dar es Salaam. Watoto hawana miguu ya kufika kwenu, ndiyo maana nimekuja mimi.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niongeze la lugha. Tamthilia za Kituruki mama zetu wanazitazama zikisema Kiswahili safi. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014, katuni ya Kitanzania yenye Kiswahili cha kwetu, na watoto wanaimba nyimbo zake wakichota maji. Kabla ya hapo alikuwepo Lufufu, aliyekuwa akizisimulia sinema za nje kwa Kiswahili mpaka ukasahau lugha yao ya kwanza. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Nafahamu lina gharama na haki za wenyewe Japani, siombi litokee kesho. Mpaka hapo mdomo wangu upo. Ila mdomo wangu hauwezi kutafsiri kipindi ambacho hakikurushwa.

Ninachoomba ni hiki. Irusheni mechi ile, nzima, Jumamosi saa tatu asubuhi, msiikate kwa tangazo pale Serperior anapoinua kichwa. Itangazeni wiki moja kabla ili mama aliye Mwaloni ajue, na fundi cherehani aandae kigoda. Na fanyeni hivyo kabla shule hazijafungwa, kwa sababu shule zikifungwa mkeka wangu unatawanyika: huyu Ukerewe kwa bibi yake, huyu Sengerema, huyu Magu, na huko wengine hawana televisheni.

Mmoja ameshaondoka. Baba yake amepata kazi Geita, wamehama mwezi uliopita. Ndiye aliyekuwa na kazi ya kushika mkaa na kuchora mistari. Kila Ijumaa jioni ananipigia kwa simu ya mama yake. "Shikamoo mama. Wameionyesha?" Namwambia bado. Ananiuliza mkaa uko wapi, namwambia upo, nimeuweka kwenye kopo dirishani. Mkishapanga tarehe, nijulisheni mapema, Ijumaa akipiga niwe na la kumjibu.

Wenu,
Mama wa saluni,
Kirumba, Mwanza